Mfumo endeshi huria wa seva

Mfumo endeshi huria wa seva ni mfumo endeshi ambao msimbo chanzo wake uko wazi kwa watu wote, na ambao hutumika kuendesha kompyuta zinazotoa huduma kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mifano inayojulikana ni Debian, Ubuntu Server, AlmaLinux, Rocky Linux, Alpine Linux, FreeBSD na OpenBSD.

Mifumo hii hupatikana bila malipo ya leseni, na katika kazi za msingi inafanana sana: karibu yote huweza kuendesha tovuti, barua pepe au hifadhidata. Kwa sababu hiyo, anayechagua mfumo wa seva hatazami tu yale ambayo mfumo unaweza kufanya siku unapowekwa. Hutazama zaidi ni nani atakayeurekebisha kasoro zikigunduliwa, ataurekebisha hadi mwaka gani, na kwa utaratibu upi.

## Seva na kazi zake

Seva inaweza kuwa mashine kubwa katika kituo cha data, kompyuta ya kawaida katika chumba cha ofisi, au mashine pepe iliyokodishwa kutoka kampuni ya mbali. Wataalamu hutofautisha seva ya majaribio na seva ya kazi halisi. Seva ya majaribio ikiharibika, hasara ni saa chache za mtu mmoja. Seva ya kazi halisi ikisimama, watumiaji wote wa huduma hiyo husimama nayo: mwanafunzi hawezi kuona matokeo yake, mteja hawezi kulipa, na karani wa zahanati hawezi kufungua rekodi ya mgonjwa.

Kwa kawaida seva haina mtu anayekaa mbele yake. Huendeshwa kwa amri zinazotumwa kutoka mbali, hasa kwa njia ya SSH, na huweza kufanya kazi miezi mingi bila kuzimwa. Msimamizi wake hupendelea mabadiliko yawe machache, yatangazwe mapema na yasivunje programu zinazotegemea mfumo. Mtumiaji wa kompyuta ya mezani huweza kufurahia toleo jipya la programu kila mwezi, lakini kwa msimamizi wa seva toleo jipya ni jambo la kupimwa kwanza.

## Maana ya "huria"

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kusoma msimbo chanzo wake, kuubadilisha na kusambaza nakala. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa lengo la kuunda mfumo endeshi wa namna hiyo. Mwaka 1997 mradi wa Debian ulipitisha mkataba wake wa kijamii pamoja na miongozo ya programu huria. Mwaka 1998 miongozo hiyo ikawa msingi wa tafsiri rasmi ya programu zenye msimbo wazi.

Kuna makundi mawili makubwa ya leseni. Leseni ya GPL, inayotumiwa na kiini cha Linux, inamtaka anayesambaza programu iliyobadilishwa atoe pia msimbo wake kwa masharti yaleyale. Leseni za aina ya BSD zina masharti machache zaidi: kampuni inaweza kuchukua msimbo, kuubadilisha na kuuza bidhaa yake bila kuonyesha mabadiliko hayo.

Huria si sawa na bure. Red Hat na SUSE hutoza ada kwa msaada wa kiufundi na masasisho ya mifumo yao, ingawa mifumo hiyo imejengwa kwa programu huria. Vilevile uhuria ni haki tu, hauhakikishi kwamba mtu ataitumia haki hiyo. Mradi ukiachwa na wenyewe, wengine wanaruhusiwa kuuendeleza. Lakini wasipojitokeza, msimbo hubaki wazi bila mtu wa kuutunza.

## Historia

Mizizi ya mifumo hii ni Unix, iliyoanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kiliiendeleza Unix na kutoa matoleo yaliyoitwa BSD. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kiini alichokiandika mwenyewe, ambacho baadaye kiliitwa Linux. Kiini peke yake hakitoshi kuendesha kompyuta. Mkusanyo wa kiini pamoja na programu nyingine, tayari kwa kuwekwa kwenye mashine, huitwa distribusheni, au kwa kifupi distro.

Mwaka 1993 ulizaa mingi kati ya miradi inayodumu hadi leo: Slackware, Debian, NetBSD na FreeBSD. Miradi ya BSD ilicheleweshwa na kesi ya hakimiliki iliyomalizika mwaka 1994 kwa maafikiano. Katika kipindi hicho Linux ilipata wafuasi wengi.

Kampuni ya Red Hat ilitoa Red Hat Linux kuanzia mwaka 1994. Mwaka 2003 iliamua kuachana na bidhaa hiyo ya bure na kuelekeza nguvu zake kwenye Red Hat Enterprise Linux, inayolipiwa. Pengo lililobaki lilizibwa na miradi mingine, mmojawapo ukiwa CentOS, ulioanza mwaka 2004. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth, mfanyabiashara mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu juu ya msingi wa Debian. Jina hilo limetoka katika lugha za Nguni na lina shina moja na neno la Kiswahili *utu*.

Kuanzia Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa na Linux.

## Mifumo inayotumika zaidi

### Debian

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Haimilikiwi na kampuni. Huendeshwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi, wanaomchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka. Toleo jipya hutolewa takriban kila baada ya miaka 2, likiisha kupimwa kwa muda mrefu. Toleo likishatoka, programu zake hazipandishwi hovyo: kasoro za usalama hurekebishwa ndani ya matoleo yaleyale ya programu. Seva za Wikimedia, zinazohifadhi Wikipedia, zilihamia Ubuntu mwaka 2008 kutoka Red Hat na Fedora, na baadaye zikahamia Debian.

### Ubuntu Server

Ubuntu hutolewa na kampuni ya Canonical kila baada ya miezi 6. Kwa seva, linalofaa ni toleo la LTS, yaani la matunzo ya muda mrefu, linalotoka mwezi Aprili kila baada ya miaka 2. Ubuntu ina vitabu na maelezo mengi kwa wanaoanza, na karibu kila kampuni inayokodisha mashine pepe inayo tayari. Canonical pia huuza huduma ya kurefusha matunzo baada ya muda wa bure kwisha.

### Familia ya Red Hat

Red Hat Enterprise Linux hutumika sana katika mabenki, kampuni za simu na taasisi za serikali, kwa sababu wauzaji wengi wa programu kubwa na vifaa huithibitisha rasmi. AlmaLinux na Rocky Linux hulenga kuendesha programu zilezile bila ada. Fedora ni uwanja wa kujaribia mambo mapya ya familia hii, na CentOS Stream husimama katikati: mabadiliko hupita humo kabla ya kuingia katika Red Hat Enterprise Linux.

### SUSE

SUSE ilianzia Ujerumani mwaka 1992. SUSE Linux Enterprise Server hulipiwa, na openSUSE hupatikana bure.

### Alpine Linux

Alpine ni distro ndogo sana. Badala ya maktaba ya C ya mradi wa GNU, inayotumiwa na distro nyingi, hutumia maktaba iitwayo musl. Udogo wake umeifanya ipendwe ndani ya kontena. Hata hivyo, programu iliyotayarishwa kwa maktaba ya GNU inaweza kukataa kufanya kazi katika Alpine, au ikafanya kazi kwa namna tofauti, hata kama katika distro nyingine inakwenda vizuri.

### FreeBSD na OpenBSD

Tofauti na Linux, katika BSD kiini na programu za msingi huandikwa na kutolewa na mradi mmoja. FreeBSD inajulikana kwa mfumo wa mafaili wa ZFS na kwa mbinu iitwayo *jail*, iliyoanza mwaka 2000, ya kutenga huduma moja na nyingine ndani ya mashine moja. Netflix huitumia katika seva zinazosambaza filamu zake. OpenBSD, iliyoanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, hutanguliza usalama. Mradi huo ndio uliotoa OpenSSH mwaka 1999, programu ambayo leo hutumika karibu katika kila seva ya Linux.

## Muda wa matunzo

Kila toleo la mfumo lina tarehe ya mwisho ya matunzo. Baada ya tarehe hiyo mfumo huendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena. Hali hiyo ni ya hatari kwa sababu haina dalili: seva haitoi sauti, na watumiaji hawaoni tofauti mpaka siku inapoingiliwa.

| Mfumo | Toleo jipya hutoka | Matunzo ya bure |
|---|---|---|
| Debian | takriban kila miaka 2 | miaka 3 ya kawaida, kisha 2 ya ziada |
| Ubuntu LTS | kila miaka 2 | miaka 5 |
| AlmaLinux, Rocky Linux | takriban kila miaka 3 | takriban miaka 10 |
| CentOS Stream | takriban kila miaka 3 | takriban miaka 5 |
| Fedora | kila miezi 6 | takriban miezi 13 |
| Alpine Linux | kila miezi 6 | takriban miaka 2 |
| FreeBSD | tawi jipya takriban kila miaka 2 | miaka 4 hadi 5 kwa tawi |
| OpenBSD | kila miezi 6 | takriban mwaka 1 |

Muda mrefu si bora kila mahali. Taasisi yenye wasimamizi wengi na programu zinazobadilika upesi inaweza kunufaika na mfumo unaosasishwa mara kwa mara. Taasisi yenye msimamizi mmoja, au isiyo na msimamizi wa kudumu, huhitaji mfumo unaoweza kukaa miaka mingi bila kazi kubwa ya kuupandisha.

Katika mifumo yenye matunzo marefu, marekebisho ya usalama huandikwa upya ili yaingie katika toleo la zamani la programu. Kwa hiyo namba ya toleo peke yake haionyeshi kama mwanya fulani umezibwa. Programu inayoonekana ya miaka 4 iliyopita inaweza kuwa na marekebisho ya wiki iliyopita, na msimamizi hulazimika kusoma taarifa za usalama za distro yenyewe ili kujua.

## Kisa cha CentOS

Historia ya CentOS huonyesha kwamba hata tarehe iliyotangazwa inaweza kubadilika. Mradi huo ulichukua msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, ukaondoa nembo za kampuni, na kutoa mfumo wa bure unaolingana nao. Kampuni za kukodisha seva, vyuo vikuu na biashara ndogo duniani kote ziliutumia. Mwaka 2014 CentOS ilijiunga rasmi na Red Hat, na mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34 za Marekani.

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019. Watumiaji waliipanga kwa kutarajia matunzo hadi mwaka 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba matunzo yake yangekoma tarehe 31 Desemba 2021, na kwamba juhudi zingehamia CentOS Stream. Waliokuwa wamehama mapema kutoka CentOS 7 kwenda CentOS 8 wakajikuta na muda mfupi kuliko waliobaki nyuma, kwa kuwa CentOS 7 iliendelea kutunzwa hadi tarehe 30 Juni 2024.

Kwa sababu msimbo ulikuwa huria, njia mbadala zilipatikana upesi. AlmaLinux ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwezi Machi 2021, ikianzishwa na kampuni ya CloudLinux na kisha kuwekwa chini ya taasisi isiyo ya kibiashara. Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, ilifuata mwezi Juni 2021. Jina lake ni kumbukumbu ya Rocky McGaugh, mwasisi mwenzake aliyekwisha kufariki. Miradi yote miwili ilitoa programu za kugeuza seva ya CentOS bila kuiweka upya tangu mwanzo. Mwezi Desemba 2022 vituo vya utafiti wa fizikia vya CERN, barani Ulaya, na Fermilab, nchini Marekani, vilitangaza kuitumia AlmaLinux kama distro ya kawaida kwa majaribio yao.

Mwezi Juni 2023 Red Hat iliacha kuweka hadharani msimbo kamili wa matoleo yake ya kulipia, ikabakiza ule wa CentOS Stream. AlmaLinux ikabadilisha lengo: badala ya kuwa nakala ileile, inahakikisha kwamba programu zilizotayarishwa kwa Red Hat Enterprise Linux zinafanya kazi ndani yake. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni za Oracle, SUSE na CIQ ziliungana katika chama cha OpenELA ili kuendelea kutoa msimbo unaolingana na wa Red Hat.

Jambo linalofanana na hilo lilikwisha kutokea kwa OpenSolaris. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun Microsystems mwanzoni mwa mwaka 2010, na katika mwaka huohuo mradi wa OpenSolaris ukasitishwa. Waendelezaji wake wakaanzisha mradi wa illumos kutokana na msimbo uliobaki huria.

## Usalama

Distro haisambazi tu programu zilizoandikwa na wengine. Huzibadilisha pia ili zipatane. Mabadiliko hayo yanaweza kuleta kasoro. Mwaka 2006 mabadiliko madogo katika kifurushi cha OpenSSL cha Debian, yaliyofanywa ili kuondoa onyo la programu ya ukaguzi, yalipunguza sana unasibu unaotumika kutengeneza funguo za siri. Kasoro hiyo ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kwa karibu miaka 2, funguo nyingi zilizotengenezwa katika Debian na Ubuntu zilikuwa zinaweza kubahatishwa, na zote zililazimika kubadilishwa.

Mwaka 2024 lilitokea tukio lililoonyesha upande wa pili. Mtu aliyejitolea kwa zaidi ya miaka 2 katika mradi wa xz, unaohusu kubana mafaili, aliingiza mlango wa nyuma katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kuugundua baada ya kuona kwamba kuingia kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo yale mabaya yalikuwa yamefika katika distro za majaribio na zile zinazosasishwa mfululizo, lakini hayakuwa yameingia katika matoleo imara ya Debian, Ubuntu LTS wala Red Hat Enterprise Linux. Desturi ya kusubiri, ambayo mara nyingi huonekana kuwa kuchelewa, iliziepusha seva nyingi na hatari hiyo.

Mifumo hutofautiana pia katika ulinzi wa ndani. Familia ya Red Hat huja na SELinux ikiwa imewashwa, wakati Ubuntu na Debian hutumia AppArmor. Zote mbili huizuia programu kugusa mafaili yasiyoihusu hata kama imeingiliwa. Baadhi ya wasimamizi huzima SELinux inapowasumbua, na hivyo hupoteza faida mojawapo ya mfumo waliouchagua.

## Vigezo vya kuchagua

Mambo yafuatayo huzingatiwa kabla ya kuweka mfumo kwenye seva ya kazi halisi:

* Programu itakayoendeshwa. Waandishi wa programu hutaja mifumo waliyoipima. Kutumia mfumo mwingine kunawezekana mara nyingi, lakini tatizo likitokea mtumiaji hubaki peke yake.
* Ujuzi wa wasimamizi. Mfumo unaojulikana vizuri na watu waliopo una manufaa kuliko mfumo unaosifiwa ambao hakuna anayeufahamu. Amri za kuweka vifurushi hutofautiana: `apt` katika Debian na Ubuntu, `dnf` katika familia ya Red Hat, `zypper` katika SUSE, `apk` katika Alpine na `pkg` katika FreeBSD.
* Tarehe ya mwisho ya matunzo. Hulinganishwa na umri unaotarajiwa wa huduma. Toleo linalobakiwa na mwaka mmoja halifai kwa huduma ya miaka 5.
* Anayeusimamia mradi. Mradi wa kampuni moja huweza kuwa na wahandisi wengi wanaolipwa, lakini hufuata maslahi ya kampuni hiyo. Mradi wa jumuia hauwezi kuuzwa kirahisi, lakini hutegemea watu wanaojitolea na wafadhili.
* Mashine iliyopo. Red Hat Enterprise Linux 10, ya mwaka 2025, huhitaji vichakato vya kiwango cha x86-64-v3, ambacho kwa upande wa Intel kilianza mwaka 2013. AlmaLinux 10 hutoa pia toleo la mashine za kiwango kilichotangulia. Debian 13, ya mwaka 2025, haiwekwi tena kama mfumo kamili kwenye mashine za biti 32 za aina ya Intel.
* Msaada wa kiufundi. Taasisi isiyoweza kuvumilia huduma kusimama hulipia msaada au huajiri mtaalamu. Mfumo usio na ada ya leseni bado una gharama za umeme, vifaa, mafunzo na muda wa watu.

Kasi ya mfumo haimo mara nyingi katika vigezo vya kwanza. Kwa tovuti au hifadhidata ya kawaida, tofauti ya kasi kati ya distro za Linux ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na mpangilio wa hifadhidata, ukubwa wa kumbukumbu na aina ya diski.

## Kupandisha toleo na kuhama

Hata mfumo uliochaguliwa vizuri hufikia mwisho wa matunzo yake, kwa hiyo njia ya kuuacha hupangwa tangu mwanzo. Debian na Ubuntu huruhusu kupandisha toleo papohapo, hatua kwa hatua, bila kuruka toleo moja la matunzo marefu. Katika familia ya Red Hat kupandisha toleo kuu ni kazi nzito zaidi, na wasimamizi wengi huweka seva mpya pembeni, huhamisha data, kisha huizima ya zamani.

Njia ya kuweka seva mpya hurahisishwa na mambo matatu. Kwanza, mipangilio yote huandikwa katika mafaili yanayohifadhiwa nje ya seva, ili iweze kurudiwa kwa programu kama Ansible. Pili, data hutengwa na mfumo endeshi. Tatu, nakala rudufu hujaribiwa kwa kurejeshwa kweli kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima.

Kontena zimepunguza sehemu ya tatizo hili, kwa sababu programu hubeba maktaba zake na huweza kuhamishiwa kwenye seva yenye distro nyingine. Hata hivyo kontena hutumia kiini cha seva inayoibeba, na maktaba zilizomo ndani yake huhitaji kusasishwa pia. Kontena iliyotengenezwa miaka 3 iliyopita na kuachwa ina mianya ileile ambayo seva iliyoachwa ingekuwa nayo.

## Afrika Mashariki

Wataalamu wengi wa mitandao katika Afrika walijifunza uendeshaji wa seva huria kupitia warsha za AfNOG, zilizoanza mwaka 2000. Warsha hizo zilifanyika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006, Kigali mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011. FreeBSD ilikuwa miongoni mwa mifumo iliyotumika kufundishia huduma za barua pepe, tovuti na majina ya intaneti.

Sekta ya afya ni mahali ambapo uchaguzi wa mfumo wa seva unawagusa watu wengi. DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kukusanya takwimu kutoka vituo vya afya. Kenya iliianza kwa ngazi ya taifa mwaka 2011. Programu hiyo hutegemea Java na hifadhidata ya PostgreSQL, na mwongozo wake wa kuiweka umeandikwa kwa kufuata Ubuntu LTS. OpenMRS, inayohifadhi rekodi za wagonjwa mmojammoja, ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka 2006.

Mifumo ya namna hii huwekwa mara nyingi kwa fedha za mradi wenye muda maalumu. Mradi wa miaka 3 ukimalizika, seva hubaki ikifanya kazi, na takwimu za chanjo, uzazi na malaria huendelea kuingia. Mfumo endeshi uliowekwa mwanzoni mwa mradi nao hukaribia mwisho wa matunzo yake wakati uleule ambapo mtaalamu aliyeuweka anaondoka. Kwa hiyo, pamoja na jina la distro na namba ya toleo, kumbukumbu za taasisi zinapaswa kuonyesha tarehe ya mwisho ya matunzo na jina la cheo cha mtu atakayehusika na kuupandisha mfumo siku hiyo itakapokaribia.

Upatikanaji wa intaneti pia huathiri uchaguzi. Mahali ambapo mtandao ni wa polepole au wa gharama, taasisi yenye seva nyingi huweza kutunza seva moja ya ndani yenye nakala za vifurushi, ili masasisho yapakuliwe mara moja tu kutoka nje na kugawiwa kwa mashine nyingine. Distro za bure zilizotajwa huruhusu utaratibu huo bila kibali wala ada, na hii ni mojawapo ya faida za moja kwa moja za programu huria.